Nani Aliyekuzaa Katika Imani? Wazee wa Jamaa Wabishana kwa Maandiko

Mwanafunzi mmoja wa darasa letu alituuliza swali mbele ya wenzake wote. "Mwalimu," alisema, "nkambo yangu husema kwamba zamani alikuwa Jamaa, kisha akatoka. Je, Jamaa ni dini gani?" Tulimjibu kwa kifupi, kama walimu wafanyavyo wakiwa na haraka ya kumaliza somo, ya kwamba Jamaa haikuwa dini, bali ulikuwa umoja wa Wakristu Wakatoliki. Mtoto akakaa. Lakini sisi wenyewe hatukutosheka na jibu letu, na Jumapili iliyofuata, baada ya Misa, tulifuatana naye mpaka kwa nkambo yake katika komini ya Manika, hapa Kolwezi.

Katika lupango ya yule mama tuliwakuta wazee watatu wameketi chini ya mwembe, kopo la munkoyo katikati yao, Biblia mbili juu ya kiti, nao wanabishana. Walikuwa wanabishana hivyo kwa miaka mingi. Tulirudi huko Jumapili tatu, na haya ndiyo tuliyoyasikia. Majina yao hatuyataji, kwa kuwa wenyewe walituomba hivyo.

Kwanza yafaa tueleze jambo lenyewe lilivyoanza, maana vijana wengi hawalijui.

Padri Placide Tempels, Mfransisko, alizaliwa Ubelgiji mwaka 1906, akafika Kongo mwaka 1933. Wasomi wamjua kwa kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu, kilichopigwa chapa Elisabethville mwaka 1945. Watu wa Kolwezi lakini hawakumjua kwa kitabu. Walimjua tangu mwaka 1953, alipokuja kukaa kati ya wafanya kazi wa migodi katika kambi za Union Minière. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba hapo kwanza aliwaendea watu kama bwana mwenye kufundisha. Kisha akajaribu kuyapatanisha mafundisho na desturi zao. Mwisho ndipo akajifunza kukutana na mtu, yaani kumsikiliza na kumfungulia moyo wake yeye pia. Aliwauliza watu wanatamani nini kupita yote. Walimjibu kwamba wanatamani uzima, wanatamani uzazi, wanatamani mapendo. Juu ya maneno hayo matatu Jamaa ikajengwa, tena kwa Kiswahili, lugha ya kambi.

Mafundisho hayo hayakupewa mtu peke yake. Yalipewa baba na mama pamoja, hatua kwa hatua, na wale waliowafundisha walihesabiwa kuwa wazazi wao katika roho. Hakukuwa na kadi wala daftari ya majina. Neno lilipita toka mdomo hata mdomo, toka Kolwezi hata Likasi na Lubumbashi, likavuka mpaka Kasai. Padri Tempels alirudi Ubelgiji mwaka 1962, wala hakuja tena; huko ndiko alikofariki mwaka 1977.

"Ninyi vijana mwasoma vitabu juu yetu," yule mama alituambia, "lakini hamjui mambo ya nyumbani. Kabla ya Jamaa mume wangu alikula bukari yake peke yake chumbani, nami nilikula jikoni na watoto. Alipopokea mafundisho, siku moja alichukua sahani yake, akaja kuketi jikoni karibu nami. Nililia. Nilifikiri ameniletea habari ya kifo." Wazee wote wawili walicheka, nasi pia. Yafaa kukumbuka maisha ya kambi yalivyokuwa: mtu alikuwa nambari kazini, na mkewe alikuwa mke wa nambari. Anayetaka kujua sababu ya watu kuipenda Jamaa, na aanzie kwenye sahani ile ya bukari.

Hata hivyo, neno lipitalo mdomoni bila kuandikwa haliwezi kulindwa kwa urahisi. Katika miaka ya 1960 yalitokea makundi yaliyoitwa Katete. Katika makundi hayo ndoto zilifanywa kuwa alama ya kupanda daraja, na umoja wa roho kati ya waume na wake ulisemekana kuvuka mipaka ya ndoa. Si kila aliyetajwa kuwa Katete alikuwa na hatia. Jina baya huenea kama moto wa kiangazi. Lakini maaskofu hawakuweza kunyamaza. Mwaka 1973 waliwataka wafuasi waape kwamba watayatii mafundisho na viongozi wa Eklezia. Walioapa walibaki. Waliokataa walitengwa na Sakramenti.

Hapo ndipo wale wazee watatu walipoachana njia. Mama mwenye lupango aliapa. Mzee wa kwanza, aliyestaafu kazi ya Gécamines, mtu wa miaka zaidi ya 80, alikataa, akakaa nje kwa muda mrefu kabla ya kurudi. Wa tatu, mdogo wao, hakuapa wala hakukataa. Alihama, na leo asali katika kanisa la uamsho, ambako watu husoma Biblia usiku kucha.

Huyo wa tatu ndiye aliyeanza siku ile. Alifungua Mateo, sura ya 23, pale Bwana anapowakataza wanafunzi wasimwite mtu yeyote baba duniani. "Basi," alisema, "Jamaa yote ilianguka kwa mstari mmoja. Tulikuwa na ma-baba na ma-mama katika kila kambi. Ninyi Wakatoliki mngali nao."

Mzee aliyestaafu hakuwa na miwani, lakini alilijua jibu lake kwa moyo. Alimwambia asome Barua ya kwanza kwa Wakorinti, sura ya 4. Mtume Paulo asema pale kwamba Wakorinti waweza kuwa na walimu elfu kumi, wala hawana baba wengi, kwa kuwa ni yeye aliyewazaa kwa Injili. "Paulo alizaa watoto bila mke," mzee alisema. "Huo ndio uzazi tuliofundishwa. Je, Paulo naye alianguka?"

Hapo walitutazama sisi. Tulieleza tulivyofundishwa seminarini: Bwana aliwakemea wale wapendao heshima na majina makubwa, hakukataza neno lenyewe, la sivyo hata watoto wetu wasingeweza kutuita nyumbani. Tulidhani tumemaliza neno. Mama akatikisa kichwa.

"Mwalimu, hukugusa kidonda," alisema. "Mimi nilizaliwa katika Jamaa na mama mmoja, nami nampenda mpaka leo. Lakini hatua ya mbele sikuweza kuivuka asipotaka yeye. Nilipomwuliza neno, aliniambia, bado, u mtoto. Miaka miwili nilikuwa mtoto. Mzazi gani asiyetaka mtoto wake asimame?" Kisha akamwomba mjukuu wake asome sura ya kwanza ya Barua ileile kwa Wakorinti. Hapo Paulo awakemea wale wanaosema kwamba wao ni wa Paulo, na wengine kwamba ni wa Apolo, naye awauliza kama ni Paulo aliyesulibiwa kwa ajili yao. "Mtu mmoja, barua moja," mama alisema. "Asema amewazaa, tena asema wao si wake. Mambo hayo mawili Jamaa ilijua moja tu."

Twakiri kwamba katika miaka yetu ya masomo hatukusikia sura hizo mbili zikiwekwa pamoja vizuri namna ile.

Jumapili ya pili walishindana juu ya Bwana Yezu na Bikira Maria. Jamaa iliwatazama hao wawili kuwa Baba na Mama, mfano wa umoja kamili ambao kila mume na mke waufuate. Mzee aliyestaafu aliutegemeza usemi huo juu ya Waefeso, sura ya 5, ambapo ndoa yaitwa fumbo kubwa. Ndugu yake wa uamsho aliruka kitini: "Soma mpaka mwisho! Paulo asema ni juu ya Kristu na Eklezia. Maria hatajwi." Kwa maandishi alikuwa na haki. Lakini mzee naye hakubuni kutoka hewani. Tangu karne ya pili Mtakatifu Yustino na Mtakatifu Ireneo walimlinganisha Maria na Eva, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Eklezia ya mwaka 1964, wamtaja Maria kuwa mfano wa Eklezia. Mababu hao walisifu utii wa Maria uliofungua kile ambacho uasi wa Eva ulikuwa umefunga. Hawakuwafundisha watu kutafuta mwenzi wa roho nje ya nyumba zao. Katete walipotelea njiani hapo, na mzee mwenyewe alikubali kwamba aliona hatari hiyo kwa macho yake, akanyamaza. Juu ya kunyamaza kwake hatukumwuliza zaidi.

Habari ya ndoto haikuchukua muda. Mmoja alimtaja Yosefu, aliyeonywa katika ndoto. Mama akajibu kwamba kila mara Yosefu alipoota, aliamka akaenda kufanya kazi ngumu, kumchukua Maria, kukimbilia Misri, kurudi. "Hakuna ndoto iliyompa Yosefu cheo." Wakaendelea na mengine.

Hapa twaomba kusema neno la pembeni. Katanga ilijua pia makundi yaliyoanzia kwenye Kitabu chenyewe. Mwaka 1925 Tomo Nyirenda, aliyejiita Mwana Lesa, alivuka toka Rhodesia ya Kaskazini akibatiza watu na kuwaua waliotajwa kuwa wachawi. Na Kitawala, iliyotokana na Watchtower, ilienea katika nchi yetu licha ya kukatazwa na serikali ya Wabelgiji. Hao walishika Biblia mkononi. Watu wa Jamaa walishika neno moyoni, na wengi wao siku zile hawakuwa na Biblia nzima nyumbani. Wazee wetu watatu wasema wote kwamba waliisoma Biblia kwa bidii baada ya kutoka, wakitaka kujua kama walikuwa wamedanganywa. Kila mmoja alipata ndani yake jibu tofauti.

Jumapili ya tatu neno kubwa lilitoka. Tulimwuliza mzee aliyestaafu kwa nini alikataa kuapa mwaka ule wa 1973.

"Bwana alikataza viapo," alijibu, akitaja Mateo, sura ya 5. "Tena niape nini? Kwamba mapendo ni uongo?"

"Hakuna aliyekutaka uyateme mapendo, Baba," mama alimwambia kwa upole. "Mimi niliapa kwamba mimi ni mtoto wa Eklezia. Niliporudi nyumbani, mapendo nilikuwa nayo bado."

Mzee alikaa kimya kwa muda. Malori ya mawe ya shaba yalikuwa yakipita barabarani, na vumbi likaingia mpaka chini ya mwembe. Kisha akasema jambo ambalo, kwa maoni yetu, ndilo alilokuwa akibishana kwa ajili yake miaka yote. Mkewe hakutaka kukataa. Alitaka kuapa. Lakini Jamaa ilikuwa imewafundisha kwamba baba na mama ni wazo moja, naye mume alikuwa amekwisha kukataa. Basi mama yule alimfuata mumewe nje, akaugua, akafariki mwaka 1981 bila Padri wala Komunyo. "Mimi nilirudi," mzee alisema. "Yeye hakupata siku ya kurudi. Alikufa kwa kunitii mimi. Nitafutieni mstari unaomhusu yeye. Mingine nimeisikia."

Yule wa uamsho alifunga Biblia yake. Tulimwambia mzee tunalolijua: ya kwamba Eklezia hutenga kama mganga atoavyo dawa chungu, ili mtu arudi, ya kwamba haijatamka kamwe juu ya mtu aliyetengwa kuwa amepotea milele, tena kwamba Mungu aijua nia ya mwanamke aliyetaka kuapa, hata kama hakuapa. Tulimtajia Kitabu cha pili cha Wamakabayo, sura ya 12, ambapo Yuda akusanya fedha na kuzituma Yerusalemu ili sadaka itolewe kwa ajili ya wafu wake walioanguka vitani, ambao hirizi za sanamu zilionekana chini ya nguo zao.

"Kitabu hicho hakimo katika Biblia yangu," alisema yule wa uamsho.

"Kimo katika yangu," mama akamjibu, akainuka kuileta.

Mjukuu alisoma sura ile yote. Mzee alimwomba airudie, hasa pale panaposemwa kwamba wale wafu walikuwa na kosa, na bado waliombewa. Kisha aliuliza bei ya nia ya Misa parokiani, nasi tulimweleza kwamba mtu hutoa alicho nacho.

Tarehe 2 Novemba, siku ya Marehemu wote, jina la mama yule lilisomwa altareni katika Misa ya asubuhi. Mzee alikaa benchi la mbele, na nkambo ya mwanafunzi wetu karibu naye. Tulipogeuka wakati wa kupeana amani, tulimwona yule ndugu yao wa uamsho karibu na mlango, ambaye kwa imani yake hawaombei wafu. Alikuwa amesimama, kofia mkononi. Misa ilipokwisha, alimshika mzee mkono kushuka ngazi, nao walikwenda pamoja watatu kuelekea Manika, wakianza tena kubishana.