Mkunga Aliyefundishwa ni Ngao ya Nyumba

Wazee walisema kuwa uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Lakini uchungu wa kumkosa mzazi huijia nyumba nzima: mume, watoto, bibi na majirani. Kwa hiyo twaona yafaa kuwakumbusha ndugu wasomaji, wanaume kwa wanawake, jambo ambalo mkoa wa Kigoma umelidhihirisha: wazazi wengi wafao katika uzazi wangeweza kuokoka.

Mambo yauayo wazazi si siri wala si uchawi. Ni kutoka damu nyingi baada ya kujifungua, kifafa cha mimba, maambukizo, na mtoto kukwama njiani. Damu ni hatari kuliko yote, maana huweza kumwua mama kwa muda wa saa chache tu. Na dawa yake? Sindano moja, ipigwayo mara mtoto azaliwapo, husaidia mji wa mimba kujikaza. Hiyo haihitaji daktari bingwa. Yahitaji mkunga aliyefundishwa, aliye karibu, mwenye dawa mkononi.

Nchi yetu iliitambua mapema hekima ya kuwafundisha watu wa papa hapa. Mafunzo ya madaktari wasaidizi yalianza mwaka 1963. Baadaye, kuanzia 2006 hadi 2019, Serikali ikisaidiwa na mashirika, likiwamo lile la Bloomberg, ilitengeneza vituo vya afya mkoani Kigoma. Madaktari wasaidizi na wauguzi walifundishwa upasuaji wa uzazi na kazi ya nusukaputi, ili mama wa mbali asilazimike kusafirishwa mpaka hospitali kubwa. Matokeo yake yalionekana: katika vituo vya mkoa huo, mwaka 2013 walikufa wazazi 303 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, mwaka 2018 walikuwa 174. Nyuma ya hesabu hiyo kuna watoto ambao leo wanaitwa na mama zao kuja kula.

Hata hivyo, kituo kizuri hakimfai mama asiyekifikia. Mama huchelewa mara tatu: nyumbani, wakati wa kushauriana; njiani, wakati wa kutafuta chombo; na kituoni, wakati wa kungojea huduma. Kwa mkazi wa Buzebazeba njia si ndefu sana. Lakini kwa jamaa zake wa vijiji vya mwambao, wanaotegemea mashua, ziwa likichafuka safari husimama. Hapo ndipo afaapo mhudumu wa afya wa jamii, mtu wa mtaa ule ule, ajuaye nyumba yenye mja mzito. Mwezi Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuwafundisha wahudumu hao 137,294 katika miaka mitano, kila mmoja kwa miezi sita. Kadhalika iko namba 115, ipigwayo bila malipo, ya kumtafutia mzazi usafiri wa dharura.

Wako wasemao kuwa binti wa Kiislamu hafai kazi hiyo. Twawauliza: nani atamsitiri mama yenu wakati wa kuzaa, ikiwa binti zenu hamwaruhusu kusoma? Katika zama za Mtume (s.a.w.) bibi Rufaida aliwauguza majeruhi katika hema lililosimamishwa msikitini Madina; na Saad bin Muadh, alipojeruhiwa katika vita vya Handaki, alipelekwa kwake. Basi msichana wa Ujiji asomaye ukunga hakuzua jambo geni.

Nanyi akina baba, msingoje uchungu uanze. Mpelekeni mama kliniki mapema, wekeni akiba ya nauli, na shaurianeni tangu sasa nani atamsindikiza. Mja mzito akitoka damu, akiumwa sana kichwa, macho yakiingia kiza, akivimba uso, au mtoto akiacha kucheza tumboni, msikae kikao. Aondoke mara moja. Mtoto akizaliwa, anyonye ndani ya saa ya kwanza, na asipewe kitu kingine, hata maji, mpaka atimize miezi sita.

Mkunga wa jadi naye asidharauliwe. Akina mama humwamini. Neno lake la kuwahimiza waende kituoni laweza kufika pale ambapo letu halifiki.

Vijana, someni kazi hii. Wazazi, waruhusuni. Kuokoa nafsi moja si jambo dogo mbele ya Mwenyezi Mungu, na hapa huokolewa mbili kwa pamoja.