Je, Wajua? Kinachowapeleka mtandaoni ni saa
Je, wajua kwamba wanafunzi wengi wa vyuo vya jamii nchini Marekani, vyuo vya miaka 2, huchagua masomo ya mtandaoni kwa kubanwa na muda? Wengi husoma huku wakifanya kazi, na wengi ni wazazi. Mama anayetoka zamu ya dukani saa 4 usiku hufungua somo watoto wakishalala. Kipindi cha saa 3 asubuhi kingemnyima ujira wa siku na kumlia nauli.

Kuna wasemao kwamba wanakimbilia mteremko. Kweli, watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia waliofuatilia vyuo vya Virginia na Washington walikuta kuwa wasomao mtandaoni huacha au kufeli somo zaidi ya wanaokaa darasani. Lakini Shanna Smith Jaggars, mmoja wa watafiti hao, katika utafiti wa 2014 uliotokana na mahojiano na wanafunzi wa Virginia, alionyesha kwamba huchagua kwa makini: somo wanaloliona jepesi hulichukua mtandaoni, gumu hulifuata kwa mwalimu ana kwa ana. Mvivu hapangi hivyo. Wanafunzi haohao walilalamika kwamba mtandaoni hujikuta wakijifundisha wenyewe, na hapo vyuo vina deni kubwa kwao.