Kisanduku cha Kuchachushia: Mambo ya Kujua Kabla ya Kununua Friji Kuukuu

Mtu anayechachusha nyumbani mvinyo wa rozela, wa ndizi au wa nanasi huweza kufuata vipimo vilevile mara mbili akapata vinywaji viwili tofauti: cha kwanza laini, cha pili kinachochoma koo na kunuka kama rangi ya kucha. Hamira hulaumiwa, matunda hulaumiwa, na muuza sukari naye hapati nafuu. Mara nyingi kisa chenyewe ni joto. Ndiyo maana baadhi ya watengenezaji wa Mwanza na ufukwe wa Ziwa Victoria hufikiria kununua friji iliyokwisha kutumika na kuigeuza kuwa kisanduku cha kuchachushia. Wazo hilo ni zuri. Hapa tunaeleza jinsi linavyofanya kazi, na mahali ambapo mnunuzi huweza kupoteza fedha au kuumia.

Hamira ni kiumbe hai, na mvinyo mwingi wa matunda hupata ladha nzuri ukichachushwa kati ya nyuzijoto 18 na 24. Jijini Mwanza joto la mchana hufika 28 au kuzidi, na usiku hushuka hadi karibu 17. Chumba cha bati kisicho na dari hupanda zaidi ya hapo. Nyumba zilizojengwa katikati ya mawe makubwa ya vilimani nazo zina tabia yake, kwa kuwa mawe hayo hunywa jua mchana kutwa na kulirudisha usiku.

Tena hamira yenyewe hutoa joto. Ndoo ya lita 20 yenye sukari kilo 2, kama isingepoteza joto hata kidogo, ingepanda kwa zaidi ya nyuzijoto 10 kwa kazi ya hamira peke yake. Kwa kawaida sehemu kubwa ya joto hilo hupotelea hewani. Hata hivyo, katika siku mbili tatu za mwanzo, povu linapokuwa jingi, katikati ya ndoo huweza kuzidi chumba kwa nyuzijoto 3 hadi 5. Kipimajoto cha ukutani hakiwezi kulionyesha jambo hilo. Joto linalopaswa kudhibitiwa ni la kinywaji chenyewe.

Kabla ya kutoa fedha, mtu ajaribu njia ya bei nafuu. Mtungi wa udongo hupoza kwa sababu maji hupenya na kukauka juu ya ngozi yake. Ndoo iliyosimamishwa ndani ya beseni la maji na kufunikwa gunia bichi hufuata kanuni hiyohiyo, na chupa moja au mbili za maji yaliyogandishwa, zikiwekwa beseni asubuhi na jioni, husaidia sana. Udhaifu wake huonekana masika: hewa ikiwa na unyevu mwingi, gunia halikauki na halipozi.

Anayeamua kununua friji atahitaji pia kidhibiti joto, yaani kifaa kinachochomekwa kati ya friji na soketi, kikiwa na waya wenye kihisi mwishoni. Kinywaji kikizidi joto lililopangwa, friji huwaka, kikishuka, huzimika. Kihisi kikiachwa kikining'inia hewani, friji itawaka na kuzimika mara nyingi bila faida, na kompresa itachakaa. Kibandikwe ubavuni mwa ndoo, chini ya usawa wa kinywaji, kisha kifunikwe kwa kipande cha sponji ili kisisome hewa ya nje. Tofauti ya nyuzijoto 1 inatosha. Kidhibiti kinachofaa huruhusu pia kupanga muda wa kusubiri, angalau dakika 3, kabla ya kompresa kuwaka tena. Umeme ukikatika na kurudi ghafla, muda huo ndio unaoiokoa.

Sasa tuje kwenye hatari. Usitoboe ubavu wa friji ili kupitisha waya. Mabomba ya gesi mara nyingi hupita ndani ya kuta, na friji nyingi za miaka ya karibuni hutumia gesi ya R600a, ambayo hushika moto. Soma kibandiko kilicho kwenye kompresa au nyuma ya friji. Waya mwembamba wa kihisi hupita vizuri penye mpira wa mlango. Friji za zamani zenye komeo la kujifunga zinahitaji tahadhari zaidi: mtoto akiingia na mlango ukajifunga, hawezi kuufungua kwa ndani. Komeo hilo ling'olewe siku hiyohiyo ya ununuzi, kabla hata ya kusafisha.

Sukari kilo 2 ikichacha yote hutoa zaidi ya lita 400 za gesi ya kaboni dioksidi, ambayo ni nzito kuliko hewa na hutuama chini. Anayetumia friza ya kulala asiinamishe kichwa ndani mara anapofungua mfuniko, na chumba kiwe na dirisha lililo wazi. Ndoo nayo isifungwe kabisa, wala mvinyo usitiwe kwenye chupa kabla ya kumaliza kuchacha, maana chupa hupasuka kwa nguvu. Ndoo iliyowahi kubeba rangi au dawa za mifugo haifai hata ikioshwa mara kumi.

Kisanduku hiki ni cha kuchachushia tu. Kukigeuza kuwa mwanzo wa kupika gongo bila leseni ni kosa la jinai. Hata mvinyo wa kawaida, unapoanza kuuzwa, unahitaji leseni ya vileo, na ubora wake unapaswa kuthibitishwa na Shirika la Viwango Tanzania. SIDO huwashauri wajasiriamali wadogo kuhusu hatua hizo.

Dukani, omba friji iwashwe mbele yako na subiri angalau nusu saa. Gusa ukuta wa ndani, sikiliza kompresa, kagua mpira wa mlango kwa kubana karatasi: ikichomoka kirahisi, mpira umechoka. Dai risiti inayotaja aina ya friji, namba yake na muda wa dhamana, kisha uitunze mbali na unyevu.