Jihadhari na Mti Uliopitiwa na Moto

Tusikiapo kwamba moto umeshika msitu, wengi wetu huwaza ndimi za moto na moshi tu. Hivyo huua, ni kweli. Lakini yapo mauti mengine yatokayo juu, mara nyingi moto ukiwa umekwisha kupita: mti unaoanguka. Oktoba 2020, mlima Kilimanjaro ulipowaka, wanavijiji na wanafunzi walipanda pamoja na askari wa hifadhi kwenda kuuzima. Kwa kuwa hata katika familia zetu wamo wanaoitwa kwenye kazi ya namna hiyo, wakiwa na panga, shoka au msumeno wa mashine, yaani chensoo, tumeona vema tulieleze jambo hili.

Kwa nini mti ukatwe wakati moto bado unawaka? Mti mkavu ukishika moto hurusha cheche hata zikavuka njia iliyofyekwa kuuzuia. Tena mti ulioliwa shina huweza kuwaangukia wazimaji. Basi hukatwa, na hapo ndipo penye hatari kubwa.

Mkataji hukata kwanza pengo upande anaotaka mti ulalie. Kisha hukata kutoka nyuma, akibakiza kipande chembamba katikati. Kipande hicho ni kama bawaba ya mlango: huushika mti na kuuongoza unapoanguka. Lakini moto ukishaingia ndani ya shina, mti hubaki ganda tupu. Nje waona mti, kumbe ndani ni mkaa. Bawaba haishiki, na mti huangukia upande wowote. Mizizi nayo yaweza kuendelea kuungua chini ya udongo kwa siku kadhaa, mti ukaanguka bila upepo wala kuguswa na mtu. Na mtikisiko wa msumeno huangusha matawi makavu yaliyonasa juu. Kofia ngumu ivaliwe, ila haizuii gogo.

Tarehe 25 Julai 2008, mahali paitwapo Dutch Creek, California, Marekani, mzima moto mwenye umri wa miaka 18 alipigwa na kipande cha mti wakati wenzake wakiangusha mti wa hatari. Alivunjika mguu na kupoteza damu nyingi. Palikuwa na moshi, milima, na kutoelewana juu ya namna ya kumtoa. Zilipita zaidi ya saa tatu, naye akafariki kabla ya kufikishwa hospitali. Tangu hapo wazima moto wa nchi hiyo wamefundishwa kujiuliza maswali matatu kabla ya kazi: Mtu akiumia tutafanya nini? Tutamtoaje hapa? Itachukua muda gani kumfikisha hospitali?

Sisi twaona maswali hayo yafaa hata shambani, maana hayahitaji fedha. Kama jibu ni kwamba gari liko mbali na machela hakuna, mti huo uachwe na watu wapitishwe kwingine.

Ikilazimu kukata, asiyekata akae mbali angalau mara mbili ya urefu wa mti. Kwa mti wa mita 20, mita 40. Mkataji asafishe mapema njia ya kukimbilia, nayo iende nyuma kwa mshazari, si moja kwa moja nyuma ya shina, kwa sababu shina huweza kuruka kinyumenyume.

Mtu akiangukiwa, tazama juu kwanza kabla hujamkimbilia, usije ukawa wa pili. Damu ikitoka kwa wingi, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi na mikono miwili, wala usifunuefunue kuchungulia. Damu ya mguu au mkono ikizidi kububujika, chukua kitambaa kipana kama vidole vitatu, ufunge kati ya jeraha na moyo, vidole vinne hivi kutoka jerahani, lakini si penye goti wala kiwiko. Pitisha kijiti, ukisokote mpaka damu ikome. Itauma sana, usilegeze kwa huruma. Ikiwa shingo au mgongo umeumia, asisogezwe ila moto au mti mwingine ukitishia. Mfunike asipatwe na baridi, na uandike saa uliyofunga kitambaa, hata kwa mkaa kwenye paji la uso wake, kwani huko hospitali wataiuliza.