Kompyuta ya Steshenari: Alama ya Nyota Ishughulikiwe na Nani?

Mwenye steshenari Ngara mjini au Biharamulo akitaka kompyuta ya pili, huanza na bei. Linux ni bure, Windows ina leseni ya kulipia. Nimezitumia zote mbili, na tofauti iliyonigharimu ni alama ya nyota.

Picha za pasipoti nazihifadhi kwa jina la anakotoka mteja: rulenge-01.jpg, kabanga-07.jpg. Zilizokwisha kuchapwa naziongezea _tayari. Jioni moja, kwenye Linux, nilikusudia kufuta hizo tu, nikaandika `rm * _tayari.jpg`. Nafasi moja imezidi baada ya nyota, na nyota peke yake ni "faili zote". Picha zote za folda zikaondoka kimya kimya. Lalamiko pekee kwenye kioo likawa kwamba faili liitwalo _tayari.jpg halipo. Wateja wa Rulenge na Murusagamba ikabidi warudi kupigwa upya, nauli juu yangu.

Kwenye Linux, sheli, yaani programu inayopokea amri, ndiyo inayogeuza nyota kuwa majina ya faili. Unix imefanya hivyo tangu 1971. rm hupewa orodha tu. Haina namna ya kujua kama umetaja majina moja moja au umesema "yote". Windows huipeleka nyota kama ilivyo, kila programu ijitafsirie. Ndiyo maana del, amri yake ya kufuta, ikikuta nyota tupu huuliza kama una uhakika, na `ren *.jpeg *.jpg` hubadili majina ya folda nzima, kazi ambayo mv, amri ya Linux ya kubadili majina, haiiwezi. Desturi hiyo ya kutoigeuza nyota ilikuwa na sababu: mstari wa amri wa MS-DOS, mfumo uliotangulia Windows, haukuweza kuipa programu zaidi ya herufi 127, orodha ndefu isingeenea.

Hasara ya Windows ni kwamba programu ambayo mtengenezaji wake hakuifundisha nyota itakulazimisha kutaja faili moja moja. Kwenye Linux, programu ya kupunguza picha na ya kunakili zote zinaipata bila kufundishwa. Ukiwa na picha mia mbili za wanafunzi, hapo ndipo muda unapookolewa.

Ningechagua Linux tena. Kabla ya kufuta naandika `echo` mahali pa `rm`, nayasoma majina, kisha natumia `rm -I`, ambayo huuliza mara moja majina yakizidi 3. Ila kompyuta atakayoachiwa kijana anayejifunza kazi, naiwekea Windows.