‘Mhojiwa’ au ‘mtafiti mwenza’? Majina tunayowapa watu wa mradi wa lugha

MRADI wa utafiti wa lugha haufanywi na mtu mmoja. Ukitazama jalada la kamusi utaona jina moja au mawili, lakini nyuma ya majina hayo pana kundi zima: anayeongoza mradi, wanafunzi wanaorekodi, wanaonukuu yaliyorekodiwa, wafasiri, wahariri, na wale ambao lugha yenyewe inatoka vinywani mwao. Juma hili nataka tulijadili kundi hilo la mwisho, tena kwa swali la msamiati tu: kwa Kiswahili, watu hawa tuwaite nani?

Swali lenyewe lilizuka Ewuaso Kedong, huko Kajiado Magharibi, kwenye barabara ile inayotoka Ngong kwenda Suswa. Mimi na wanafunzi wangu tulikuwa tukikusanya majina ya mimea na ya mahali katika Kimaasai. Mama mmoja mzee, ambaye vijana wote walimwita koko, yaani nyanya, alituketisha kivulini karibu saa mbili. Alitaja mti, akaeleza unatibu nini, akataja na kilima unakoota. Alitufafanulia hata jina la pale petu. Kwenye orodha ya wadi linaandikwa Ewuaso Oonkidong’i. Ewuaso ni mto, na enkidong’ ni kibuyu, hasa kile ambacho oloiboni hutilia vijiwe vyake vya ramli. Mto wa vibuyu, basi. Katika ‘Kedong’ ya ramani maana hiyo huioni kwa urahisi.

Tulipokuwa tukifunga vifaa, akauliza kwa Kiswahili:

“Nyinyi mnaandika, mimi nasema. Sasa hicho kitabu kikitoka, mimi nitakuwa nani humo ndani?”

Mwanafunzi wangu akamjibu kwa adabu, kama vitabu vyetu vya mbinu za utafiti vinavyofundisha: “Utakuwa mhojiwa, koko.”

“Mhojiwa?” akasema. “Kwani nimeiba nini?”

Tulicheka, naye akacheka. Hata hivyo alikuwa amelisikia neno hilo jinsi Wakenya wengi wanavyolisikia redioni kila asubuhi: fulani amehojiwa na polisi.

Tulichambue neno lenyewe. Kitenzi -hoji kikitiwa kauli ya kutendwa tunapata -hojiwa, na kikipewa kiambishi cha ngeli ya watu tunapata mhojiwa. Msailiwa huundwa vivyo hivyo kutokana na -saili. Ndugu zao ni mshtakiwa, mtuhumiwa na mtahiniwa. Wote hawa ni watu wanaotendwa jambo na mtu mwingine. Upande wa pili wapo watenda: mhoji, mtafiti, mhariri, mwandishi, mkusanyaji. Ukiorodhesha watu wa mradi mmoja kwa maneno haya, kila aliyetoka chuo kikuu anatenda, na kila aliyetoka kijijini anatendwa.

Sisemi kwamba kauli ya kutendwa ni tusi. Mheshimiwa nalo ni neno la kutendwa, na sijasikia mbunge akililalamikia. Mtume na mtumwa wote wanatokana na -tuma, na wote kwa asili ni watu waliotumwa, lakini mmoja tunamwombea amani na mwingine tunamhurumia. Tatizo la mhojiwa ni kwamba linataja tendo la mwenzake na kuliacha lake. Koko alitambua, alitaja, alilinganisha, alieleza. Sisi tulishika kinasasauti.

Maneno mengine tuliyo nayo hayatusaidii sana. Mtoa taarifa linamfanya mtu aonekane kama ghala: taarifa zimekaa humo, yeye anazitoa. Mdokezi siku hizi ni mtu anayenong’onea wapelelezi au waandishi wa habari. Msaidizi ni neno zuri, ila linaanza kwa kudhani kwamba kazi ni ya mwingine.

Historia ya uandishi wa Kimaasai inaonyesha vizuri jinsi majina haya yanavyogawanya sifa. Mwaka 1854, mmisionari Johann Ludwig Krapf alichapisha Ujerumani msamiati wa lugha ya Wakwavi, ambayo ni Maa. Mtu aliyempa maneno hayo aliitwa Lemasegnot, Mkwavi aliyekuwa ametekwa na kutiwa utumwani. Kitabu kinajulikana hadi leo kuwa ni cha Krapf. Ukimtaja Lemasegnot hata mbele ya wasomi, wengi watakuuliza ndiye nani.

Kiswahili chenyewe kimepitia hayo. Mwalimu Sikujua wa Mombasa ndiye aliyemkusanyia na kumfafanulia William Taylor mashairi ya Muyaka bin Haji. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyefundisha Kiswahili Berlin kuanzia 1900, ndiye mwandishi mkuu wa Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotoka 1903 kwa jina la Carl Velten. Ilibidi tungoje tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, iliyochapishwa 1981, ndipo jina la Mtoro likapanda hadi kwenye jalada. Alikuwa ameshafariki 1927.

Sasa linganisha na mwaka 1955. Sarufi ya Kimaasai iliyochapishwa London mwaka huo ina majina mawili mbele: A. N. Tucker, msomi wa Chuo Kikuu cha London, na J. Tompo ole Mpaayei, Mmaasai. Mwaka uliotangulia Mpaayei alikuwa ametoa kitabu chake mwenyewe kwa Kimaasai, Inkuti Pukunot oo Lmaasai, kuhusu mila za watu wake. Miongo kadhaa baadaye, kamusi ya kielektroniki ya Kimaasai iliandaliwa na Doris Payne wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, pamoja na Leonard Ole-Kotikash. Hapo pia majina ni mawili.

Kwa nini kazi kama hizi haziwezekani bila mwenyeji anayefikiri, si anayejibu tu? Kimaasai chenyewe kinatupa jibu. Lugha hii ina irabu tisa, ilhali Kiswahili kina tano. Kisha ina toni, na toni hiyo ndiyo inayotofautisha mtenda na mtendwa. Chukua maneno mawili, edol olng’atuny. Yakitamkwa kwa toni moja, maana yake ni kwamba mtu fulani anamwona simba. Ukibadilisha toni ya ‘simba’, simba ndiye anayemwona mtu. Kwa maandishi ya kawaida sentensi hizo mbili zinafanana kabisa. Hata sikio lililofunzwa chuoni linahitaji mtu wa kuliambia, “La, hapo umemgeuza simba.” Mtu anayesahihisha hivyo anafanya uchanganuzi wa sarufi, awe amesoma isimu au hajasoma.

Wapo wenzangu watakaonijibu kwamba jina la mhojiwa hufichwa kwa faida yake. Wana hoja. Anayesimulia ugonjwa wake, au ugomvi wa mipaka baada ya ranchi za pamoja kugawanywa, anaweza kuumia akitajwa. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nayo inatudai idhini kabla ya kutumia habari za mtu. Lakini idhini maana yake ni kuuliza, na jibu laweza kuwa “niandikeni”. Kumficha mtu aliyetaka kutajwa si kumlinda. Koko tulimuuliza. Alitaka jina lake liandikwe kila mahali, isipokuwa kwenye kipande alichozungumzia shamba la jirani. Hapa silitaji, kwa kuwa idhini aliyotoa ni ya kitabu, haikuwa ya gazeti.

Basi napendekeza hivi. Mhojiwa tulibakize kwa mtu aliyejibu maswali ya hojaji kisha akaenda zake. Mtu anayeeleza maana, matumizi na tofauti za maneno tumwite mfafanuzi. Neno hili linatokana na -fafanua kama vile mchambuzi linavyotokana na -chambua, na linamweka upande wa watenda. Kijana wa kijijini anayesikiliza rekodi usiku kucha na kuziandika neno kwa neno ni mnukuzi, naye aandikwe hivyo, maana saa moja ya mazungumzo humla saa nyingi. Na yule aliyekuwa nasi tangu kupanga maswali hadi kusahihisha rasimu ni mtafiti mwenza. Wakenya hawahitaji kufafanuliwa neno mwenza, kila uchaguzi mkuu wanalipigia kura.

Wanafunzi wangu sasa nawadai ukurasa mmoja kabla sijaisoma tasnifu: nani alisema, nani alinukuu, nani alifasiri, nani alisahihisha, na kila mmoja alitaka aitweje. Wengine hunung’unika kwamba ukurasa huo hauna alama. Ni kweli, hauna. Ila bila huo siipokei kazi.