Kuongeza Sababu katika Barua ya Kiingereza

Katika barua nyingi za Kiingereza ziandikwazo na watu wetu huonekana kosa moja lirudialo mara kwa mara, nalo si kosa la hijai wala la mwandiko mbaya. Ni kosa la maneno madogo yatumiwayo kuongeza habari juu ya habari na sababu juu ya sababu. Mwandishi ana haki yake, na sababu zake ni njema, lakini kwa kuziunganisha vibaya humfanya msomaji afahamu jambo jingine kabisa. Kwa hiyo twapenda kueleza kazi ya maneno hayo, kwa faida ya wote waandikao barua za kuomba kazi, za kudai fedha, au za kutaka haki yao itazamwe.

Tuanze na neno letu "tena". Katika Kiswahili neno hili lina kazi mbili. Tukisema, "Amekuja tena," maana yake amekuja mara ya pili. Lakini tukisema, "Ni mwaminifu, tena ni hodari," hatusemi kwamba amekuwa hodari mara ya pili. Twaongeza sifa juu ya sifa. Neno la Kiingereza "again" lafanana na "tena" ile ya kwanza. Ni kweli kwamba katika vitabu vya hoja Waingereza waweza kulitumia hata kwa kuongeza sababu, lakini katika barua ya kawaida msomaji hufahamu "mara ya pili" tu.

Sasa tuseme mtu amwandikia mwajiri wake, ataka kurudishiwa fedha za matibabu, naye aandika hivi: "My child fell sick in May. Again I paid the doctor 40 shillings." Yeye ataka kusema kwamba mtoto aliugua, na juu ya hayo alilipa shilingi 40. Lakini msomaji afahamu kwamba daktari amelipwa mara mbili, naye adai stakabadhi mbili. Stakabadhi ya pili haipo, kwa kuwa malipo ya pili hayakuwapo. Barua yarudishwa, na mtu wa kweli adhaniwa mwongo. Neno moja dogo limemponza. Ilimpasa aandike "and" tu: "My child fell sick in May, and I paid the doctor 40 shillings."

La pili ni "also". Neno hili ni kama "pia" yetu, na mahali pake ni ndani ya sentensi, karibu na kitendo: "He also keeps bees," yaani, yeye hufuga nyuki pia. Lakini si kamba ya kufungia sentensi mbili. Mtu akiandika, "I can type, also I know Swahili," Mwingereza aliyesoma ataona kwamba kamba hiyo ni mbovu. H. W. Fowler na nduguye F. G. Fowler, katika kitabu chao The King's English cha mwaka 1906, walikemea sana desturi hiyo. Dawa yake ni nyepesi: tia "and" mbele yake, "and I also know Swahili."

Tena tuangalie pale tunapokana. Sisi husema, "Sikupata barua, wala sikupata fedha." Kiingereza nacho kina neno la namna hiyo, yaani "nor": "I did not receive the letter, nor did I receive the money." Angalieni jinsi mpango unavyogeuka: baada ya "nor" huja "did", ndipo aje mwenye kutenda. Wengi huandika "nor I received", na hilo ni kosa.

La tatu ni "besides", ambalo ni karibu na "isitoshe" yetu. Hufaa kwa sababu ile ambayo peke yake yatosha kukata shauri, hata kama zile za kwanza hazikutosha. Lakini jihadharini na herufi yake ya mwisho. "Besides" ni "zaidi ya" au "mbali na". "Beside" ni "kando ya". Mtu akiandika, "Besides the house, I own a field," asema kwamba ana nyumba, na zaidi ya nyumba ana shamba. Akiiacha ile "s", asema kwamba ana shamba kando ya nyumba, wala hatujui tena nyumba ni ya nani. Katika barua ya kesi ya ardhi, herufi moja hiyo yaweza kumpotezea mtu nyumba, au kuhamisha shamba mahali lisipokuwapo.

La nne ni "moreover" na "furthermore". Haya ni maneno makubwa, yenye maana ya "zaidi ya hayo", na hufaa katika barua rasmi. Yatumieni kwa kiasi, kama chumvi. Wala hayawezi kuunganisha sentensi mbili kwa mkato peke yake. Kabla yake yataka nukta, au nukta na mkato.

Basi, baada ya kujua maneno, lipo jambo lililo kubwa kuliko hayo yote. Kila neno la kuongeza ni ahadi kwa msomaji. Lamwambia kwamba linalofuata ni jambo jipya, tena liko upande ule ule wa yaliyotangulia. Tuseme wenyeji wa kijiji waomba daraja. Waandika kwamba watoto hawawezi kuvuka mto wakati wa mvua ili waende shule. Kisha "furthermore", wagonjwa hawafiki hospitali. Vema, sababu mbili zavuta upande mmoja. Lakini wakiandika "furthermore", mto hukauka miezi sita, wamevunja ahadi, maana jambo hilo lavuta upande wa pili. Hapo neno lifaalo ni "however", yaani "lakini". Na wakiandika "moreover", watoto hukosa masomo kwa ajili ya mto, hawakuongeza kitu, maana ni sababu ile ile imevaa kanzu nyingine. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba cha mchele hakijazwi kwa changarawe.

Wala mtu asione haya kujifunza mambo haya. Hata Waingereza wenyewe hufundishwa. Mwaka 1948 Sir Ernest Gowers alitoa kitabu kidogo kiitwacho Plain Words, kuwafundisha watumishi wa serikali ya Uingereza waandike kwa maneno mepesi na wazi.

Kwa hiyo, msomaji wetu, kabla ya kuitia barua yako katika bahasha, fanya hivi. Yafute kwanza maneno yote ya kuongeza, uzitazame sababu zako zikiwa uchi. Jiulize juu ya kila moja: Je, ni mpya? Je, yavuta upande wangu? Isiyo mpya iondoe. Ivutayo upande mwingine, ikiwa ni ya kweli na yapasa kutajwa, itangulize kwa "however", kisha uijibu. Zile zilizobaki zipange kwa utaratibu, na kila moja uipe neno lake moja, lisilozidi. Ndipo yule aisomaye barua, ingawa hajapata kukuona kwa macho, atakapolifahamu shauri lako kama ulivyolikusudia.